Tumbo la Viatori na Chai ya Mama Aisha

Swali ambalo ninyi vijana mnaniuliza kuliko yote, mkija kunitembelea hapa Remera, Kigali, si la kitaalamu hata kidogo. Mnataka kujua niliwezaje kuchungulia matumbo ya watu asubuhi nzima, kisha mchana nikala kwa hamu. Nilikula, tena vizuri: kisamvu changu tunachokiita isombe, maharage yangu, ndizi zangu za kupika. Tumbo la binadamu likiwa zima ni kitu cha kupendeza. Ni jekundu jepesi, linang'aa, na mikunjo yake inajikunjua polepole ukilipulizia hewa. Lisipokuwa zima, basi hiyo ndiyo kazi, na kazi haijawahi kuninyima chakula.

Sasa nimestaafu. Hospitali ina mikono myepesi kuliko yangu, jambo ninalolisema kwa furaha leo ingawa siku ya kwanza kulitambua nilinuna mpaka jioni. Mmeniomba niandike. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilikulia Buyenzi, kule Bujumbura, mtoto wa Wanyarwanda waliokimbia, katikati ya Waswahili na Wakongomani. Kinyarwanda kilikuwa cha nyumbani, Kifaransa cha shuleni, lakini kucheka nilijifunzia Kiswahili. Na mengi nitakayowaambia, nikiyasema kwa lugha ya vitabu vyetu vya udaktari, yataharibika.

Nianze na deni la shukrani. Aliyenifundisha kazi hii ni mtu nitakayemwita Daktari Anastazi. Alikuwa mrefu, mpole, aliyewahi kusomea upadri akaacha, na upole wa seminari haukumtoka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo Mungu alijua alichokifanya aliponiweka chini yake. Maneno yake kwangu yalikuwa mawili tu: "Doucement, mama." Polepole, mama. Nilikuwa sijaolewa wala sijazaa, lakini kwetu mwanamke hupewa umama mapema, hasa watu wakitaka kumtuliza.

Siku zile hapakuwa na kioo cha televisheni mnachokitazama ninyi mkiwa mmesimama wima. Kamera yenyewe ilikuwa mpira mrefu mweusi wenye nyuzi za kupitisha mwanga, na mwishoni pana tundu dogo la kuchungulia kwa jicho moja. Aliyeshika ndiye aliyeona, wengine wote walikuwa vipofu. Mara ya kwanza Daktari Anastazi aliponipa nichungulie, mpira ukiwa tayari tumboni mwa mgonjwa, nilikodoa macho kwa bidii.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona majani, Daktari. Kama nyasi nyeusi."

"Hizo ni kope zako. Sogeza uso nyuma kidogo."

Alicheka kimya kimya, mabega yakitikisika, mpaka nikaogopa mpira utatikisika naye. Nasimulia haya ili ajaye kwenu akiwa mgeni, akaona kope zake, msimcheke kwa sauti.

Somo lake kubwa lilikuwa moja. Usipoona, usisukume. Mwanafunzi akipotea ndani ya mtu, kila kitu kinakuwa chekundu, kwa sababu amebana kamera kwenye ukuta wa tumbo. Akili inamwambia asonge mbele, kwamba njia iko huko huko. Haiko. Rudi nyuma kidogo, puliza hewa kidogo, ngoja. Njia itajionyesha yenyewe. Nimewafundisha wengi, na wote huona aibu kurudi nyuma mbele ya watu. Mkiishinda aibu hiyo mmeshaiva nusu.

Yupo pia Spesioza, muuguzi wetu, ambaye alistaafu kabla yangu na mpaka leo ananipigia simu kuniuliza kama nimekunywa dawa ya presha. Kazi yake, kwa maandishi, ilikuwa kuniandalia vifaa. Kazi yake halisi ilikuwa kumshika mgonjwa bega. Hatukuwa tukiwalaza watu usingizi. Tuliwapulizia koo dawa ya ganzi yenye ladha ya ndizi chungu, wakalala ubavu wa kushoto, wakameza mpira wakiwa macho, machozi na mate vinawatoka. Spesioza alikuwa akiweka kiganja chake begani na kusema, "Pumua kwa pua, ndugu yangu, iko inaisha." Wagonjwa walionikuta sokoni baadaye walinisalimia kwa heshima, kisha wakaniuliza, "Yule mwenye mkono hajambo?"

Ni Spesioza aliyenionya siku ya yule mzee wa meno. Mnajua kile kipande cha plastiki tunachomweka mgonjwa mdomoni ili asiung'ate mpira. Mzee alifungua kinywa, nikaona ufizi mtupu, nikasema hakihitajiki, hana meno. Spesioza akasema, "Yanabaki mawili, Dogiteri." Kweli yalikuwa mawili, moja juu na moja chini, huko nyuma, na Mungu alikuwa ameyapanga yakutane. Tulipofika kwenye umio mzee alishtuka akauma, na aliuma kwa yote mawili. Mpira ukatoboka, ukasafirishwa kwenda kutengenezwa ng'ambo, nasi tukakaa muda mrefu bila kazi. Daktari Anastazi hakunigombeza. Mpira uliporudi, alikitia kamba kile kipande cha plastiki, akanivika shingoni kama medali mbele ya wagonjwa waliopanga foleni. Nilikivaa mpaka mchana. Tangu siku hiyo, hata mtoto mchanga angenijia ningemtafutia chake.

Kisha kikaja kioo. Mtadhani mashine ilikuja kuwarahisishia madaktari shingo, na kweli shingo zilipona. Lakini badiliko kubwa lilikuwa kwamba sasa mgonjwa mwenyewe angeweza kuona. Sikulielewa jambo hilo mpaka alipokuja Viatori.

Namwita Viatori. Si jina lake, ila mwenyewe ameniruhusu kusimulia, akaomba tu nimpe jina la mtu mwenye nguvu. Alikuwa fundi wa magari kwenye gereji za Gikondo, akiishi mtaa wa Gitega wa hapa Kigali, kwenye nyumba zilizobanana mpaka jirani akikaanga kitunguu wewe ndiye unayepiga chafya. Alikuja akiwa amekonda, mkanda umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Alikuwa akitapika kila siku, tena chakula cha jana, kizima kizima. Nikamuuliza imeanza lini.

"Dogiteri, mi nitakwambia ukweli," alisema. "Mimi sina ugonjwa. Mimi nilipewa sumu."

Nilikuwa nimeshasikia hayo mara nyingi, nanyi mtayasikia. Kwetu tumbo likiuma kwa muda mrefu, mtu haulizi ni nini, anauliza ni nani. Viatori alikuwa na jibu tayari. Jirani yake, nitakayemwita Mama Aisha, alikuwa akiuza chai ya maziwa na mandazi mlangoni pake. Mjane Mwislamu, mzaliwa wa papa hapa Kigali, babu yake mfanyabiashara kutoka pwani. Walikuwa wamegombana juu ya mfereji wa maji machafu. Wakapatana, Viatori akanywa chai kwake, na siku ile ile akatapika.

"Nilienda kwa mzee moja anatapishaka watu," aliendelea. "Akanipa majani, nikatapika, akanionyesha. Sumu yenyewe, nyeusi. Mtaa mzima iliona."

"Na huyo mama?"

"Hakuna mtu anakunywaka kwake tena." Alisema bila furaha, ila bila huruma pia.

Mkewe ndiye aliyemleta kwetu, kwa kumbembeleza. Viatori hakutaka. "Mashine inaonaka vidonda," aliniambia, "sumu haiionaka." Nilimlaza, Spesioza akaweka kiganja chake, nikaingia. Na sikuona kitu. Tumbo lilikuwa limejaa maharage, wali, mchicha wa dodo, kila kitu kinaelea, ingawa mkewe aliapa kwamba hakuwa ameweka kitu mdomoni tangu jana asubuhi. Damu yangu ilichemka. Nilitaka kupenya katikati ya ule mchuzi nitafute njia, nimwonyeshe huyu mtu kwamba mashine inaona. Daktari Anastazi, aliyekuwa karibu kustaafu, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Doucement, mama. Toka."

Nikatoka. Viatori akafuta mdomo, akamtazama mkewe kama mtu aliyeshinda kesi. "Si nilikwambia? Sijakula na tumbo imejaa. Ni nini hiyo kama si sumu?"

Tulimlaza wodini, tukamwekea dripu, tukapitisha mrija puani ukanyonya yale yote, tukalisafisha tumbo kwa maji mpaka maji yakatoka meupe. Ikachukua siku kadhaa. Nataka mjue kwamba hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi, na ndiyo iliyomponya. Tuliporudi naye chumbani, nilimwomba Spesioza ageuze kioo ili Viatori akione akiwa amelala. Kwa kawaida hatukufanya hivyo, watu huogopa.

"Leo tutatembea pamoja," nilimwambia. "Huwezi kusema, lakini una kidole. Ukitaka nisimame, nyanyua."

Tukashuka. Nikamwonyesha umio, mzuri. Nikamwonyesha tumbo, sasa tupu na safi. Kisha tukafika mwishoni, kwenye mlango wa kutokea kwenda utumbo mwembamba. Palikuwa na kidonda kikubwa chenye kitako cheupe, kingo zake zimevimba, na ule mlango umebanwa mpaka limebaki tundu la kupita punje. Kidole cha Viatori kikanyanyuka. Nikasimama. Alitazama kwa muda mrefu, macho yamejaa machozi ya mpira na sijui ya nini kingine.

"Huo ndio mlango," nilisema. "Chakula kinafika hapa, kinakuta umefungwa, kinakaa, kesho yake kinarudi. Kidonda kama hiki hakianzi kwa kikombe kimoja cha chai. Kimekaa hapa muda mrefu, nadhani kabla hata ya ule mfereji wenu."

Nilinyofoa vipande vidogo, vikaenda maabara. Wiki ile niliomba sana, nasema kweli, maana kidonda cha mahali pale kinaweza kuwa saratani. Haikuwa. Walikuwa wale wadudu wa vidonda vya tumbo mnaowajua, pamoja na vidonge vya maumivu alivyokuwa akimeza kama karanga kwa ajili ya mgongo wa gereji. Dawa zipo. Tulimpa, na baadaye tukaingiza puto dogo tukaupanua ule mlango. Akaanza kula na chakula kikakaa.

Hapo ningeweza kumaliza, na katika semina zenu mngemaliza hapo. Ila siku moja, nikitoka chumba cha vipimo, nilikuta mwanamke wa makamo amesimama ukutani, mtandio wake umefungwa vizuri, mikono imekunjwa mbele.

"Dogiteri, asalaam aleikum. Samahani. Mimi ndiye yule mama wa chai wa Gitega."

Nikamkaribisha kiti. Akakataa.

"Sikuja kukaa. Nasikia Viatori alipita kwenye mashine yako. Sikuulizi ugonjwa wake. Nataka neno moja tu. Je, ni mimi?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Neno moja, hapana, lingemrudishia heshima yake. Aliniambia kwamba asubuhi anapika chai kwa mazoea, na jioni anaimwaga. Watoto wa jirani wakipita kwake wanashikwa mkono wasimkaribie. Hata msikitini wanawake wenzake walikuwa wakisahau kumwomba alete sufuria zake kwenye shughuli. Alisema haya yote kwa sauti kavu, kama mtu anayemsimulia mwingine, na sauti ile ndiyo iliyonichoma.

"Mama Aisha," nilisema, "sina ruhusa ya kukuambia kitu chochote juu yake. Si hiki, si kingine."

Akanitazama. "Hata hapana?"

"Hata hapana."

Akatikisa kichwa, akasema "Basi, Mungu anaona," akaondoka. Sijawahi kujichukia kazini kama siku ile. Nilikwenda kwa Daktari Anastazi nikamwaga hasira zote. Nikamwambia sheria gani hii inayomwacha mwanamke asiye na kosa aendelee kuitwa mtia sumu.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Ndani ya mtu ni chumba chake cha kulala," alisema. "Ulifunguliwa mlango uingie kutibu. Huwezi kutoka ukatangaza mlivyokuta kitanda. Lakini mwenye chumba anaweza. Umeshaongea naye?"

Sikuwa nimeongea naye. Nilikuwa nimeongea na kidonda chake tu. Namshukuru Daktari Anastazi kwa mengi, lakini swali lile ndilo ninalolikumbuka kwanza ninapomwombea.

Viatori alipokuja kuchukua dawa, amenenepa mashavu, nilifunga mlango. Nilimwuliza kama mtaa unajua kilichomwuguza.

Akainamisha kichwa. "Wanajua nimepona. Wanasemaka yule mzee wa majani alinisaidia, na ninyi mlimalizia."

"Na Mama Aisha?"

"Dogiteri, nitasema nini? Nilimwitia watu. Nilisimama kwa njia, nikalia, 'Huyu ameniua.' Sasa niende niseme nilikosea? Watanicheka mpaka Gikondo."

"Watakucheka," nikasema. "Wiki moja, mbili. Yeye wamemcheka?"

Sikusukuma. Mnaweza kudhani nilikuwa mvumilivu, lakini ulimi wangu niliung'ata kweli kweli. Alichukua dawa zake akaenda, nami nikabaki nikijua kwamba nilikuwa nimemaliza yote niliyoruhusiwa, na kwamba huenda yasitoshe.

Siku zikapita. Kisha akanipigia simu. "Dogiteri, Jumamosi asubuhi uko na nafasi? Kuja Gitega. Ukuje na ule mama mwenye mkono. Mi naogopa kwenda peke yangu."

Tulikwenda, mimi na Spesioza, tumevaa nguo za kawaida tusitambulike, na bila shaka kila mtu alitutambua. Mama Aisha alikuwa mlangoni pake na birika lake juu ya mkaa. Benchi lilikuwa tupu. Ng'ambo ya njia watu walikuwa wamejaa kwa muuzaji mwingine. Viatori alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, amesimama katikati kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Watu walipomwona anamkaribia Mama Aisha, mazungumzo yakapungua.

"Mama Aisha," alisema, kisha akaanza tena kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Mama Aisha, nilikuwa na kidonda! Kwa tumbo! Nilikiona na macho yangu kwa televisheni! Wewe hukunifanya kitu. Nilikusemea uongo, unisamehe. Nipe chai."

Hakuna aliyecheka. Mama Aisha alichukua kikombe, akamimina. Kisha akakipeleka kikombe mdomoni mwake mwenyewe. Mnaijua desturi yetu, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, uone kwamba ni salama. Kati ya marafiki ni heshima tu. Kwake yeye ilikuwa imegeuka kiapo. Spesioza aliniambia baadaye alivyosikia pale mtaani, kwamba tangu zile kelele hakuna aliyempa Mama Aisha nafasi hata ya kuonja.

Kabla midomo haijagusa, Viatori alinyoosha mkono akakitwaa kile kikombe. Akanywa. Hakupuliza wala hakupumzika, alikunywa mpaka akakigeuza chini juu.

"Wewe Viatori!" Mama Aisha akapiga kelele, na machozi yakaanza kumtoka hapo hapo. "Ya moto vile na hilo tumbo lako bovu! Daktari yuko hapa, atakugombeza! Una wazimu?"

"Iko tamu," alisema Viatori, naye analia. "Ongeza."

Nililia pia, sioni haya kuwaambia. Niliwashukuru wote kimoyomoyo, Daktari Anastazi aliyenituliza, kile kioo, mke wa Viatori aliyembembeleza, hata maharage yaliyokataa kutoka. Mkiulizwa kazi yetu inaishia wapi, msiseme inaishia kwenye utumbo.

Kutoka ng'ambo ya njia akavuka mzee mmoja, akakaa kwenye benchi bila kumtazama mtu. "Na mimi," akasema. Mama Aisha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akamimina kikombe, akampa. Alimpa moja kwa moja, bila kuonja. Wala hakutambua kwamba hakuonja, kwa sababu Viatori alikuwa bado amenyoosha kikombe chake, naye alikuwa akimgombeza kwamba mtu mwenye kidonda anaanza na andazi kwanza.